Makofi ya Hesabu za Kichwa

Saa tatu na robo asubuhi mwalimu wetu pale Changamwe aliuliza saba mara nane, na mwanafunzi mkubwa kuliko wote darasani akanyamaza. Umri wake ulikuwa kama miaka kumi na minne. Sisi wengine tulikuwa na minane au tisa. Alichelewa kuanza shule kwa sababu baba yake, mgema, alianguka mnazini akavunjika nyonga, na yeye ndiye aliyepanda minazi mpaka mdogo wake alipopata nguvu za kumpokea.

Desturi ya darasa ilikuwa kwamba aliyejibu sawasawa humzaba kofi aliyeshindwa. Ukipiga kwa huruma, mwalimu alikuonyesha kwa mkono wake namna ya kupiga. Nilijibu hamsini na sita. Kijana yule akainama ili nimfikie shavu.

"Inama tena, babu," mtoto mmoja akasema, "mjukuu hafiki."

Mwalimu alicheka pamoja nasi.

Wakati wa mapumziko kijana alinipokonya muhogo wangu akanisukuma mchangani. Yule mwenye mzaha, ambaye naye alimzaba kwa swali lililofuata, alikunjwa mkono hadi akalia. Ilikuwa hivyo kila siku, nami niliona jambo ambalo yeyote angeliona kama angetazama: aliwapiga waliompiga. Ambaye hakumzaba asubuhi hakuguswa.

Wazazi wakalalamika. Mwalimu akamwita mama yake, akamwambia mbele yetu kwamba mwanawe ni mkorofi, na kwamba ukorofi huo ni damu ya wagema, hivyo atamfukuza. Mama alimwomba amwachie angalau ajue kusoma. Nilisimama nikasema kwamba anawapiga waliompiga tu. Mwalimu akaniuliza nani ameniuliza.

"Nyumbani hagombani hata na kuku, mwalimu," mama akasema. "Mkono huu ameupatia huku kwenu."

Mwalimu akamwonyesha mlango.

Tangu hapo nimejisomea mengi kuhusu watoto wakorofi. Waandishi hulaumu umaskini, baba mlevi, malezi. Sijakutana bado na aliyeingia darasani akatazama kinachofanyika humo kabla ya mapumziko. Kesho yake tuliendelea kuzabana kama kawaida, na mwezi haukwisha kabla hatujapata mkorofi mwingine, mwembamba, mwana wa karani.

Yule wa kwanza alirudi minazini bila kujua kusoma. Karo ya muhula, ambayo mama yake alikuwa ameilipa juma lililotangulia, haikurudishwa: shilingi sita.