Kanda Iliyozibwa kwa Karatasi

“Siku kama ya leo,” amesema mtangazaji wa redio asubuhi hii, akamtaja mwimbaji wa dansi aliyefariki nikiwa mdogo.

Siku ile, kwetu Temeke, redio ilipiga nyimbo zake tangu alfajiri. Baba alimpenda mno, nikataka kumrekodia. Nilichukua kanda ya kaseti iliyovunjwa vidude vya juu ili isifutwe, nikaziba matundu kwa karatasi niliyoilowesha mate, nikabonyeza kitufe chekundu.

Jioni nikamwekea baba. Alisikiliza kidogo, akaniuliza taratibu, “Mwanangu, umerekodi juu ya sauti ya mama yako?”

Ndiyo iliyokuwa kanda pekee yenye sauti ya marehemu mama.

Nyimbo zilipokwisha, kikasikika kipande cha sauti yake kilichobaki: “Haya, zima sasa, betri zitaisha.”

Baba akazima, kama alivyoambiwa.