Mchungaji Alimsimamisha Mume Wangu kwa Vitabu Ninavyouza Mimi

“Pesa ya nyumba haina jina.” Hayo ni maneno ya mume wangu, na ameyarudia mara nyingi hadi nimeamua kuyajibu mbele yenu nyote. Ni uongo. Pesa ina jina. Kama haina, mbona anapigania lake libaki?

Admin wa ukurasa huu, ficha jina langu. Lakini mjue kwamba leo limefichwa kwa sababu nimetaka mwenyewe, si kama ilivyokuwa mwaka huu wote.

Nina miaka arobaini na minane, naishi Munyaka hapa Eldoret, na ninauza vitabu vilivyotumika. Vya shule, riwaya, historia, hata vile vizito ambavyo watu husema hakuna Mkenya anayevisoma. Kila kitabu kinachotoka kwangu nimekisoma, au nimekisoma kiasi cha kutosha kugombana nacho. Nilianza kwa kutandika gunia kando ya barabara. Sasa nina tovuti. Unaona jalada, unasoma maneno niliyoandika kuhusu kitabu, unalipa, na kinakufikia hata ukiwa Lodwar.

Tovuti ilipokaribia kufunguliwa, fundi aliyeitengeneza aliniambia nichague kampuni ya kupokea malipo. Nikasoma masharti ya kampuni kadhaa, hata yale maandishi madogo ambayo watu huruka. Nikapata iliyonifaa. Inapokea pesa ya simu na kadi za walio ng'ambo, inakata kidogo kwa kila mauzo, na mteja akitaka kulipa, simu yake inamwonyesha jina la duka langu kabla hajaweka namba ya siri. Nilihitaji tu kusajili biashara na kufungua akaunti ya benki.

Mume wangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi pale Pioneer, alinicheka.

“Kwani unataka kukatwa pesa ya bure? Si nina till tayari, ile namba ya kulipia ya dukani? Wekeni hiyo.”

“Litatokea jina lako.”

“Na lina ubaya gani? Si ndilo ulilochukua kanisani?”

Fundi naye akasema tuanze nayo, tutabadilisha baadaye. Nikakubali. Hiyo baadaye haikufika.

Wateja wakaanza kupiga simu. “Madam, naona jina la mwanaume hapa. Nisije nikaibiwa.” Wengine hawakupiga, walitoroka tu kabla ya kulipa. Mwalimu mmoja mstaafu wa Cheptiret alilipa, akapata kitabu alichokuwa amekitafuta miaka mingi, akanipigia kwa furaha: “Mama, mwambie mzee asante sana. Huyo ana jicho la vitabu!” Nikasema nitamwambia.

Kisha ikaja ile Jumapili. Mchungaji wetu alikuwa amenunua kitabu kwenye tovuti, akaona jina kwenye simu, akafurahi. Katikati ya matangazo akasema, “Kuna mtu hapa mnamwona kila siku akiuza simiti, kumbe ni msomi! Anasambaza vitabu Kenya nzima. Mzee, hebu simama tukuone.”

Nikageuka kumtazama mume wangu. Nilingoja acheke, aninyooshee mkono, aseme ni huyu mama. Alisimama. Akafunga kifungo cha koti. Akapunga mkono. Kanisa zima likapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga pia. Nilimpigia makofi mtu ambaye kitabu cha mwisho kukifungua ni cha maelekezo ya pikipiki, na alikifungua kutafuta mahali pa kutia oili!

Nyumbani nikamuuliza, “Mbona hukusema ni kazi yangu?”

“Nimwaibishe mchungaji mbele ya watu? Na wewe nawe! Jina tu.”

Jumatatu nikaanza kusajili biashara. Sasa ile kampuni ya malipo imenikubali, na fundi anangoja neno langu abadilishe. Nikamweleza mume wangu kwa heshima. Hakuinua hata sauti. “Ukitoa jina langu kwa hiyo tovuti, toa na vitabu vyako kwa stoo yangu. Watu watasema tumeachana.”

Vitabu vyangu vyote viko nyuma ya duka lake. Siwezi kukodi chumba mpaka biashara ikue, na biashara haitakua wateja wakiogopa jina wasilolitarajia. Hapo ndipo nimebanwa.

Najua mtakachoandika hapo chini. “Vumilia mama, ndoa ni ndoa.” Nimevumilia mengi na sijawahi kuyaleta hapa. Lakini mtu akikwambia ni jina tu, mwambie alitoe lake uone kama ni jina tu.

Kwa hivyo wale wa kunihubiria wapite. Nataka wamama mnaouza mtandaoni huku malipo yakipita kwa namba ya mume. Wewe uliyelitoa jina lake ukaweka la duka lako, mali ulihamishia wapi? Na nyumba ilisimama? Nijibuni, kwa sababu fundi hatangoja milele.

Na wewe mchungaji, najua unasoma ukurasa huu, maana visa vyake huwa tunavisikia kwenye mahubiri yako. Jumapili ijayo msimamishe tena. Muulize, mbele ya watu walewale, ni kipi amesoma kati ya vitabu anavyouza. Akikwama, nisimamishe mimi.