Pembeni mwa Jina la Mama

Sisi tuliokula mavuno ya mwaka 1974 pale Tongaren twayakumbuka kwa wingi wake. Phelista, wakati huo msichana wa miaka tisa, aliyavuna siku mbili tu. Siku ya tatu baada ya kumzika baba yake, Mukhisa, baba yake mdogo Khisa alizitoa sufuria zao nje, akamwambia mama yake Phelista, Nakhungu, kwamba hakuna harusi iliyowahi kufungwa.

"Wewe ulikuja tu. Aliyekuja hurudi kwao."

Mtoto alibeba sufuria bila kulia. Alikuwa akiwahesabu waliosimama wakitazama.

Alisomeshwa na masista, kisha akawa mpiga chapa katika ofisi ya serikali mjini Kitale kwa miaka thelathini na mitatu. Majirani walimsifu kwa upole. Kila Krismasi alimwuliza mtu atokaye Tongaren swali moja: Khisa yu hai? Akiambiwa yu hai, alimshukuru Mungu.

Mwaka juzi Nakhungu aliugua, akaomba azikwe kando ya mumewe. Khisa, ambaye sasa ndiye mzee anayesimama matangani kusimulia nasaba za ukoo, alituma jibu: hawara hazikwi bomani.

Phelista alikuwa amesikia kwamba vitabu vya kale vya misheni vimetiwa mtandaoni. Akaenda kwenye saiba, duka la intaneti la kijana Gichuki.

"Mama, ubatizo wa Nakhungu ndio huu," Gichuki alisema. "Lakini ndoa hakuna, si unaona?"

"Hii imechapwa upya, mwanangu. Sisi wapiga chapa huyaacha yaliyoandikwa pembeni. Nataka kitabu chenyewe."

Alikipata Bungoma, katika kabati la parokia. Pembeni mwa jina la mama, kwa wino uliofifia, palikuwa pameandikwa: ameolewa na Mukhisa, Kitale, 12 Agosti 1961. Siku hiyohiyo alirudi Kitale, akafunguliwa kitabu cha ndoa parokiani. Chini ya majina ya maarusi palikuwa na sahihi ya shahidi. Phelista alicheka mpaka padri akamletea maji.

Hakwenda kortini. Alingoja kikao cha ukoo cha Aprili, akamkabidhi Khisa nakala yenye muhuri mbele ya wote.

"Baba mdogo, wewe ndiye msomi wetu. Tusomee."

Khisa alivaa miwani, akasoma kwa sauti yake ya matangani: jina la kaka yake, jina la Nakhungu, tarehe. Hapo akaivua miwani.

"Endelea, baba. Shahidi ni nani?"

"Miwani imechafuka."

"Ati imechafuka?" akadakia Viola, dada yake Khisa. "Si tarehe umeisoma vizuri, bana! Leta niipanguse na leso."

Watu walicheka. Katika miaka yake themanini na mitano, mzee yule hakuwahi kuchekwa kikaoni. Phelista hakucheka, alimkazia macho. Mwishowe Khisa alisoma jina lake mwenyewe.

Wazee walimwuliza Phelista anadai nini. Akaonyesha nafasi iliyo kando ya kaburi la Mukhisa, ambayo Khisa alikuwa ameizungushia mawe akijiwekea mwenyewe.

Nakhungu alifariki Novemba, akazikwa hapo. Phelista alimpa Khisa beleshi, akasimama karibu naye mpaka alipotupa udongo wa kwanza, kisha akarudi Kitale.