Moshi Uliopanda Ghorofani kwa Bi Sugiyo

Katika nyumba ya Bi Sugiyo Arakida, harufu ilikuwa marufuku kupanda ngazi. Ghorofani walikaa viwavi wa hariri, ambao hapa kijijini Kuwanosawa tunawaita Waheshimiwa, nao hufa kwa mambo madogo: tumbaku, mafuta ya nywele, na zaidi ya yote moshi wa dawa ya mbu, usiojua nani mbu na nani kiwavi. Sakafu za ghorofa zetu zina mianya ili joto la jiko lipande. Kinachofuka chini huwafikia walio juu.

Bi Sugiyo aliisimamia sheria hiyo miaka thelathini, hasa kwa wengine. Mkwe wake Fumie aliosha nywele kwa maji matupu. Mumewe, Mzee Tokuji, alivutia sigara ng'ambo ya daraja hata mvua inaponyesha. Kiangazi mbu walimla hadi masikio yakavimba, akawa analala kichwa kikiwa ndani ya kapu.

"Mke wangu, kipande kimoja tu cha dawa," alisihi.

"Unataka kuwaua Waheshimiwa?"

"Na mimi je? Si mheshimiwa?"

"Wewe hutoi hariri."

Ukali huo chanzo chake kilikuwa Malkia wa nchi yetu. Kila mtu anajua kwamba Malkia hufuga viwavi ikulu na kuwalisha majani ya mforosadi kwa mkono wake. Kwa Bi Sugiyo, hilo lilitosha kuwafanya ndugu. Aliposikia kwamba Malkia hutunga mashairi mafupi, naye akatunga, yote kuhusu figili. Aliposikia kwamba anapenda kinanda, alipiga vidole mezani mpaka supu ikamwagika. Aliposoma kwamba Malkia hutembea hatua mbili nyuma ya mumewe, akaanza kumfuata Tokuji vivyo hivyo. Lakini mzee anaumwa nyonga, tena husimama kukagua kila boga njiani, kwa hiyo kwenda dukani kukawa safari ya nusu siku.

"Pisheni, Malkia anapita!" walipiga kelele majirani mashambani. Naye akawapungia mkono, kiwiko kimebana ubavuni.

Kumwiga mtu mwema si kosa. Kosa ni kuiga mkono unaopunga na kuusahau mkono unaolisha.

Mwaka mmoja ikatangazwa kwamba Malkia angezuru maonyesho ya hariri mjini. Kila kijiji kingepeleka mwanamke mmoja na sinia la viwavi hai, naye Malkia angesimama mbele ya kila mmoja nusu dakika na kumwuliza swali. Kuwanosawa ikamchagua Bi Sugiyo. Jirani yake, Bi Hisano, akawekwa akiba na sinia lake. Kwa wiki tatu Bi Sugiyo alifanya mazoezi ya jibu mbele ya birika.

Asubuhi ya siku moja kabla ya ziara, mbu alimwuma puani.

"Fumie! Nitazame. Inaonekana?"

"Kidogo tu, Mama."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama zabibu."

Basi adhuhuri, alipotaka kujilaza, hofu ya zabibu ya pili ikamshinda. Ndani ya mtoto wa meza mlikuwa na dawa ya mbu aliyomnyang'anya mumewe miaka kumi na mmoja iliyopita. Aliiwasha, akafunga mlango, akajiambia ni mara moja tu, akalala. Hivyo ndivyo kila mvunja sheria anavyolala.

Aliamshwa na kimya. Viwavi wakubwa wanapokula, nyumba nzima husikika kama mvua juu ya bati. Sasa hapakuwa na mvua. Alipanda mbio. Waheshimiwa walikuwa wakijipinda na kutapika maji ya kijani, wengine tayari wamenyooka.

"Ni muuza mafuta ya nywele!" alipiga kelele. "Alipita jana! Au wewe, Fumie, umepaka nini?"

Fumie alikana. Mzee Tokuji alipanda ngazi taratibu, akanusa hewa mara mbili.

"Hii harufu naifahamu," alisema. "Nimeiota miaka thelathini."

Akashuka, akarudi na kisahani ambamo dawa ilikuwa bado inafuka.

Bi Sugiyo aliketi sakafuni. Bi Hisano, aliyesikia kelele, akaja mbio na taulo kichwani.

"Shoga, usilie. Chukua sinia langu. Kiwavi hana jina usoni, nani atajua?"

"Lichukue, Mama," Fumie akaunga mkono. "Umengoja sana."

Bi Sugiyo alijifuta pua, akaugulia maana ilikuwa inauma.

"Akiniuliza kama nimewalea mwenyewe, nimjibu nini?"

"Mwambie ndiyo, halafu upunge mkono," alisema Bi Hisano.

"Nimdanganye yeye? Nenda wewe, Hisano. Wa kwangu nimewaua mimi, kwa ajili ya pua." Kisha akamgeukia Fumie. "Na wewe mwanangu, nisamehe. Nilikusingizia."

Katika yote aliyoyafanya kwa kumpenda Malkia, naliheshimu hilo peke yake.

Kesho yake alisimama nyuma ya kamba na umati. Malkia alifika mbele ya Bi Hisano, akainamia sinia, akauliza kwa upole, "Wanakula vizuri?"

Bi Hisano, ambaye hakuwa amefanya mazoezi hata siku moja, alitetemeka mpaka viwavi wakatikisika.

"Wanakula, ahsante sana. Na wewe je, umekula?"

Watumishi waliduwaa. Malkia alicheka, akasema amekula wali na samaki, wakaendelea kuzungumza dakika tatu kamili.

Usingizi ule wa mchana ulimgharimu Bi Sugiyo viwavi elfu kumi na nane, mavuno yote ya kiangazi, na mazungumzo ya dakika tatu aliyoyasikiliza akiwa nyuma ya mgongo wa polisi.