Yule Kaka wa Kwenye Tamthilia

Sijui kama jambo hili linafaa kuandikwa, ila linanirudia kila nikiliona lile dishi la king'amuzi, ambalo siku hizi tunaanikia mlenda.

Mwaka ule kifurushi kilipanda bei tena na alizeti haikutoa kitu. Mume wangu akasema tuache kulipia, akanunua antena akaifunga kwenye mlingoti. Simlaumu, hata mimi niliafiki. Antena ikashika chaneli za bure: habari, mahubiri, bunge. Tamthilia yetu ya jioni ikabaki kule kwenye king'amuzi.

Aliyeumia ni mama mkwe, tuliyekuwa tukikaa naye. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtafsiria kwa Kinyaturu. Shida ilikuwa yule binti wa tamthilia na mchumba wake. Wakikumbatiana, ulimi wangu unakuwa mzito. Mkwe ni mkwe. Siku ya kwanza nikamwambia yule ni kaka yake, wanasalimiana. Basi ikabidi abaki kaka miezi yote, na kila penye mapenzi mimi naweka kesi ya shamba la urithi.

Mchana mmoja tunachambua mlenda, akaniuliza kama yule binti na kaka yake walilipata shamba lao. Nikasema sijui, si tumeshaacha kulipia. Kesho yake akauliza tena. Nikaona namdhulumu mzee, anangoja mwisho wa kitu ambacho hakikuwepo.

"Mama, nisamehe," nikasema, nimeinama. "Yule hakuwa kaka yake. Nilikudanganya."

Hakuacha kuchambua.

"Mwanangu, mimi nimezaa watoto saba. Maneno yalikuwa yako, lakini macho yalikuwa yangu."

Nilikosa pa kuweka uso. Nikamuuliza, sasa mbona anaulizia shamba.

"Hilo la shamba ndilo lilikuwa tamu. Yale mengine nayajua. Haya, walilipata?"

Ndipo nikaanza kumpa kipande kila mchana, mikono ikiwa kwenye majani: leo shahidi kaugua, kesho mpaka umesogezwa. Shule yangu ni ndogo, pengine nilichanganya mambo, ila hakunikatisha hata mara moja.

Alipofariki, kesi ilikuwa haijaamuliwa. Nilikuwa naivuta makusudi. Mpaka leo sijui kama nilimtendea haki.