Maji ya Kumwaga

Selestina, ambaye sisi majirani tunamwita Mama Isaka, amebeba maji ya kumwaga kwa miaka sita. Sisi wengine tunabeba ya kupikia, ya kufulia, ya kunywesha mbuzi. Yeye anabeba ya kumwaga, na ndiyo kazi iliyomharibia goti la kulia.

Nieleze ilivyokuwa. Hapa Masasi, nyuma ya kanisa letu, kuna jengo la mawe lililokuwa ghala la misheni. Siku hizi ni nyumba ya makumbusho ya sayansi na historia, ndogo, vyumba vitatu. Cha kwanza kina majembe ya zamani, vinu, ngata ambazo mabibi wa zamani walitwishia mitungi kichwani, na kengele iliyopasuka. Cha pili kina mawe na mifupa. Cha tatu ni cha maji. Shule huleta watoto siku za Jumanne na Ijumaa, wanagawanywa makundi, kila kundi linazungushwa vyumba vyote na kufundishwa. Mama Isaka aliajiriwa kufagia. Siku moja Bwana Chrispin, msimamizi wa pale, alimkuta anawasimulia watoto habari za mtungi wa mama yake, na watoto wametulia kama wako ibadani. Akamwambia, "Mama, kuanzia leo chumba cha tatu ni chako." Ufagio hakumpokonya.

Katika chumba hicho kuna sanduku la vioo, refu kama kitanda cha mtoto, lililoinuliwa juu ya meza. Chini kabisa limejazwa udongo wa mfinyanzi, juu yake mchanga mwingi mwekundu ulioletwa kutoka Newala, na juu ya mchanga zimepangwa nyumba ndogo za maboksi. Mama Isaka anamwaga ndoo nzima taratibu kwa kopo, ndiyo mvua. Watoto wanaona kwenye kioo maji yanavyozama, yanapita mchanga wote, yanafika kwenye mfinyanzi na kukwama, kisha yanatokea ubavuni kwa kijibomba, chini kabisa, mbali na nyumba. Juu kumekauka kama hapajanyesha. Hapo anawauliza, "Sasa mama mwenye nyumba hii atapata wapi maji?" Watoto wanaonyesha kijibomba. "Na atafikaje?" Wanasema, "Atateremka." "Na kurudi?" Hapo wananyamaza.

Maji yaliyotoka yalikuwa yanaanguka kwenye karai, na karai linamwagwa nje. Karatasi ya maelezo ilisema kila kundi liwekewe maji safi. Makundi matano, ndoo tano, na ndoo mbili za kujaza mitungi ya maonyesho. Pampu iko chini kwenye korongo, na mlinzi, ambaye angeweza kumsaidia kubeba, anaingia jioni. Basi ndoo saba zote zilikuwa kichwani kwake.

Alhamisi ile ya mwezi wa kumi, tulipotoka kwenye sala ya akina mama, alikaa kwenye ngazi ya kanisa akanyoosha mguu.

"Kesho ndiyo mwisho," akasema. "Nimeshamwambia Bwana Chrispin."

"Akasemaje?"

"Amesema hana mtu mwingine wa kubeba na kusema. Chumba cha tatu kitafungwa, sanduku liende stoo."

Mama Isaka kazaliwa Makote, huko juu Newala, kateremka kuolewa huku ana miaka ishirini. Lile sanduku ni maisha ya mama yake. Mama yule aliteremka bondeni na kupanda na mtungi mpaka shingo ikawa fupi, ndivyo anavyosema mwenyewe. Nilijua linamuuma. Lakini goti lilikuwa limevimba kama embe.

"Mwaka huu sijamwomba Mungu kingine," akasema. "Sikuomba mvua, sikuomba korosho. Nimeomba anipumzishe tu. Na ngata yangu nimeshaiweka rafuni pale chumba cha kwanza, pamoja na za wale mabibi wa zamani. Wanangu watakuja kuitazama."

"Wataandika nini?"

"Waandike, hii ilichoka."

Tukacheka, lakini si sana.

Kesho yake nikaenda kumsaidia kubeba, yeye akijitwisha kwa kanga aliyoikunja badala ya ngata. Ndoo ya pili haikufika. Goti lilimgeuka kwenye mteremko, ndoo ikaenda zake, akakaa chini akitazama maji yanavyoingia kwenye majani. Hakulia. Alisema tu, "Haya, Bwana," na mimi sikujua anamwambia Mungu au anamwambia Chrispin. Nikamshika mkono mpaka chumba cha tatu, nikamketisha.

Hapo ndipo lori la Fuso la wageni likaingia, watoto wa shule moja ya kata ya Makote. Darasa la tano, watoto themanini, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Na katikati ya watoto, madumu matano ya lita ishirini, yamefungwa kamba yasianguke. Bwana Chrispin akaja mbio dirishani, uso umemng'aa.

"Mama Isaka, leo hakuna safari ya pampu. Wageni wamekuja na maji yao."

"Ya kunywa?"

"Ya kazi. Madumu matano, sawasawa na makundi."

Akaleta dumu moja ndani. Mama Isaka hakuuliza zaidi, alikuwa amechoka. Kundi la kwanza likaingia.

"Shikamoo bibi," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba wajukuu zangu. Na wewe, mume wangu," akamwambia mvulana mmoja mfupi wa mbele, "mbona umenijia na vumbi hivyo? Ndiyo posa hiyo?"

"Nimekuja kukutazama kwanza, bibi," mvulana akasema. "Nikikupenda nitaoga."

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikaona uso wa mwenzangu unalegea kidogo. Akachukua kopo, akaanza kumwaga. Kopo la kwanza wakacheka bado. La pili kicheko kikapungua. Kufika la tano hapakuwa na sauti. Watoto hawakutazama kioo, walitazama dumu linavyoinama. Maji yakapita mchanga, yakatokea kwenye kijibomba, na Mama Isaka akauliza kama kawaida yake, "Sasa mama mwenye nyumba hii atapata wapi maji?"

Kisha yule mvulana mfupi akasema polepole, "Hayo ni yetu."

"Sharifu," mwalimu wao akamkemea. Alikuwa dada mmoja mpole, Mwalimu Winfrida.

"Mwache aseme," Mama Isaka akasema. "Mwalimu, maji haya mmechota wapi?"

Mwalimu akatazama chini. "Kisima cha shule, mama. Cha kukingia mvua ya paa, tangu msimu uliopita. Tulisikia kuna mama anawachotea watoto kwa kichwa, tena peke yake. Wewe ukienda kwenye msiba unakwenda na ndoo yako. Ukienda kwenye harusi, hivyo hivyo. Sasa tuje watu themanini nyumbani kwa mtu, mikono mitupu?"

"Na kisimani yamebaki?"

"Yapo chini. Mvua ikichelewa tutateremka bondeni. Tumezoea."

Mama Isaka akaweka kopo. Baadaye aliniambia kwamba pale pale alimwona mawazoni mama yake ananawa uso kwa kikombe kimoja, anayakinga yale yale kwenye sahani, anaosha nayo miguu, kisha anayapeleka kwenye shina la mboga. Na yeye, mtoto wa Makote, alikuwa ametoka kumwaga maji ya kisima cha watu, ya mwezi wa kumi, mbele ya watoto wao.

Ndipo mtoto wa kike akajipenyeza kutoka nyuma. Alikuwa na bakuli la plastiki la chakula chake. Akalisogeza karai pembeni kwa mguu, kwa adabu, akakinga bakuli chini ya kijibomba.

"Unaitwa nani?" Mama Isaka akamuuliza.

"Loveness."

"Unafanya nini, Loveness?"

"Nakinga, bibi."

"Hayanyweki hayo. Yamepita mchangani."

"Sinywi. Kwetu maji hayaachwi yakaenda."

"Na ukishakinga utayapeleka wapi?"

Mtoto akatazama sanduku, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Si nayarudisha juu? Mvua inyeshe tena."

Akapanda kwenye kibao, akayamwaga juu ya nyumba za maboksi. Yakazama, yakapita, yakatokea. Mwenzake akakinga kwa kifuniko cha chupa kubwa, wa tatu kwa kikombe. Wakawa wanapokezana, na mchanga uliokwisha kulowa haukunywa tena, ulirudisha karibu yote. Wanatazama kioo sasa, wanaonyeshana kwa vidole. Mama Isaka alisimama pembeni amejishika kiuno. Miaka sita, ndoo tano kila siku ya shule, na hakuna kati yetu, wala yeye, wala Chrispin mwenye cheti, aliyefikiri kuyarudisha juu.

Makundi yote matano yalifundishwa kwa dumu lile lile moja. Madumu manne yakabaki hayajaguswa. Kuyarudisha hakuwezekani, mchango wa mtu haurudishwi, nao wangechukia. Basi mchana, kabla hawajapanda Fuso, Mama Isaka akaketi mlangoni akaita watoto mmoja mmoja walete chupa zao, akazijaza mpaka juu, watoto wote themanini. Nusu dumu lililobaki akatia kwenye mitungi. Loveness alipofika, Mama Isaka alimshika kichwa kidogo, akamjazia, akasema, "Nenda na Mungu." Mvulana mfupi akamwambia, "Bibi, nikifika nitaoga."

"Kwa kikombe kimoja tu," Mama Isaka akamjibu.

Walipoondoka, Bwana Chrispin akaja akisugua mikono. "Mama Isaka, hesabu imekuwa nyepesi. Ndoo moja kwa siku, na hiyo hata mimi nitaibeba. Mitungi tutaijaza Jumatatu kwa Jumatatu. Jumanne tuna shule mbili. Wewe kazi yako kukaa na kusema. Vipi?"

Alitazama sanduku lililolowa, na nyumba za maboksi zilizoinama kwa mvua nyingi. Kisha akanitazama mimi.

"Nilimwomba anipumzishe," akasema. "Amenipunguzia."

"Si ni vizuri?"

"Ni vizuri. Nashukuru." Akaugua kidogo, akashika ukuta ainuke. "Lakini nilikuwa nimeshaanza kuiwazia hiyo Jumanne. Nilipanga nilale mpaka jua liingie dirishani."

Akaenda kwenye chumba cha kwanza kwa mwendo wake wa kuchechemea, nami nikamfuata. Akaitoa ngata yake rafuni, kati ya ngata za wale mabibi wa zamani, akaikung'uta vumbi la siku moja, akaitia kwenye mfuko wa kitenge, akasema, "Wasiiandike kwanza. Jumanne nakuja." Kisha akachukua ufagio, kwa sababu watoto wa Makote walikuwa wamejaza mchanga sakafuni.