Nimeharakisha kompyuta ya Mum, nikafukuzwa

Leo mamangu amenifukuza kwa cyber yake hapa Kitengela, kosa langu ni kutengeneza kompyuta.

Hiyo kompyuta imezeeka. Ukiiwasha, unaweza enda kinyozi urudi, na bado inajifikiria.

Mimi, mtoto mzuri, nikanunua SSD ya bei nafuu, ile diski ya kasi, nikatoa hard disk ya zamani, nikaweka hiyo mpya.

Weh! Kubonyeza tu, imewaka. Nikajipigia makofi.

Wateja wakaanza kuingia. Wa kwanza akaprinti CV, akaenda. Wa pili hata hakuketi.

Mum alikuwa amesimama kwa mlango na ndoo ya mandazi, akiwaangalia wakipita.

"Wewe! Unajua hawa watu huwa wanakunywa chai yangu saa ngapi?"

Akajijibu mwenyewe:

"Wakingojea hiyo mashine! Irudishe vile ilikuwa!"

"Lakini Mum, hii ni maendeleo."

"Sawa. Mwambie huyo maendeleo akuje anunue mandazi."

Akanipatia ndoo na thermos, akafunga mlango.

Sasa niko hapa stage ya bodaboda nikiuza. Kama uko karibu, tafadhali kuja na njaa.

Na mniambie ukweli: nirudishe ile hard disk ama nizoee hii kazi?